Siku Mwenzetu Alipoweka Tarumbeta Chini

Akina mama wenzetu, sisi ni wa Lushoto. Tunaandika haya mwezi wa 7, wakati ukungu wa Magamba unashuka hadi kwenye milango ya majiko na kanga moja haitoshi mabegani. Tumekaa jikoni kwa mmoja wetu, watoto wamekwisha kulala, na tumekubaliana kwamba tutasema yote, hata lile la aibu. Tunaandika sisi watatu. Wa nne, ambaye habari hii inamhusu, ameisoma na kufuta mistari miwili. Iliyobaki, amesema, iende.

Sisi ni wanawake wanne tunaopiga tarumbeta. Usicheke, mama mwenzetu. Kwa miaka 14 tumepiga pamoja katika usharika wetu: misibani, harusini, kwa wagonjwa wasioweza kuja kanisani, na Jumapili ambazo umeme umekatika na kinanda hakisemi. Wote tumeolewa, na tukijumlisha watoto wetu wanafika 15. Sauti ya kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi. Sauti ya pili anauza chai na maandazi karibu na stendi. Sauti ya tatu analima kabichi na viazi, tena ana ng'ombe wawili wa maziwa. Sauti ya nne, anayebeba besi kubwa kuliko mtoto wake wa mwisho, ni mshonaji. Humu tutaitana kwa sauti zetu, maana hata njiani tumezoea kuitana hivyo.

Wageni hushangaa kukuta tarumbeta nyingi milimani kwetu. Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1891 wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani, Johanssen na Wohlrab, walifika Mlalo na kuanza kazi yao kule juu. Na huko Bethel kwenyewe alikuwapo mchungaji mmoja, Johannes Kuhlo, aliyependa tarumbeta kupita kiasi. Yeye ndiye aliyezunguka Ujerumani akieneza vikundi vya kanisa vya kupiga nyimbo kwa sauti nne, na alitaka mkulima na fundi seremala wasome moja kwa moja kutoka katika nota zile zile za waimbaji, bila kuandikiwa karatasi nyingine. Shikeni hilo la karatasi, tutalirudia, maana ndilo lililotuliza.

Baba zetu walipiga. Wakati huo mwanamke alipeleka chai tu mazoezini. Kisha vijana wakaanza kushuka Mombo na kupanda mabasi ya Tanga na Dar es Salaam, wengine hawakurudi, na tarumbeta zikabaki katika stoo ya kanisa zikiota kutu ya kijani. Mzee mmoja, mwongozaji wa tarumbeta za eneo letu, alichoka kuzitazama. Akatuita sisi tuliokuwa tunaimba vizuri katika umoja wa wanawake, akatupa kila mmoja moja, akasema tupulize kama tunayepuliza moto wa kuni mbichi. Hivyo tu. Hakutoa hotuba juu ya haki za wanawake. Alitaka wimbo uwe na sauti nne.

Sasa, kupiga wanne ni kitu cha pekee, na asiyewahi hawezi kujua utamu wake. Hakuna mkubwa. Hakuna anayesimama mbele na fimbo. Sauti ya kwanza huinua kidogo mabega na kuvuta pumzi, na katika pumzi ile sisi wengine tunajua wimbo utakwenda haraka kiasi gani, na kwa nguvu au kwa upole. Baada ya miaka 14 tunajuana pumzi kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake gizani. Tukiwa wagomvi, wimbo hukwaruza. Mara moja sauti ya pili na sauti ya nne walikosana kwa ajili ya upatu, na msibani siku ile hata wafiwa waligeuka kututazama.

Basi yule mzee akazeeka. Macho yakaanza kumtoka, na ilikuwa imebaki miezi 5 kabla ya sherehe ya sharika zote za upande wetu, ambapo wapigaji zaidi ya 40 hukusanyika na kwaya 7 zikaimba pamoja nao uwanjani. Ni watu zaidi ya 200 wa kuongozwa kwa mikono miwili. Viongozi wakamwuliza mzee nani ashike nafasi yake. Kila mtu alidhani atamtaja mmoja wa wanaume wa kikundi cha jirani, au kama ni mwanamke, basi sauti ya kwanza, ambaye ni mwalimu na ana sauti ya kuamrisha. Sauti ya kwanza mwenyewe alidhani hivyo. Tunaandika hili kwa ruhusa yake.

Mzee akamtaja sauti ya tatu, mama wa kabichi.

Walipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba anayepiga sauti ya juu husikia wimbo wake, na wa besi husikia miguu yake, lakini wa katikati hana wimbo, kwa hiyo kazi yake yote ni kusikiliza wengine. Sisi tulikuwa tumeketi kwenye benchi la nyuma na tulisikia kila neno. Tukampongeza mwenzetu, tukamkumbatia. Tuliporudi, watatu tulitembea mbele na yeye nyuma kidogo. Hakuna aliyepanga hivyo.

Baadaye tulijifunza kwamba mzee hakuwa na mawazo ya ajabu. Mwaka 1886 kijana mmoja Mwitaliano, Arturo Toscanini, alikuwa anapiga sello katika okestra iliyokwenda Rio de Janeiro. Mwongozaji akagombana na watu, wasikilizaji wakapiga kelele, na wenzake wakamsukuma yule kijana wa miaka 19 akaongoze, kwa kuwa walijua amekariri kila sauti. Aliongoza opera nzima ya Aida bila kutazama kitabu. Nadia Boulanger wa Ufaransa, mpiga kinanda na mwalimu, alikuwa na kikundi chake kidogo cha waimbaji kabla ya kusimama mbele ya okestra kubwa za London mwaka 1937 na Boston mwaka 1938.

Lakini tuliyempenda zaidi ni Marin Alsop, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1956. Wazazi wake wote wawili walikuwa wapigaji wa okestra, baba fidla na mama sello. Akiwa na miaka 9 alimwona Leonard Bernstein akiongoza, akaamua na yeye ataongoza. Alikua, akapiga fidla, na mwaka 1981 akaanzisha kikundi chake cha nyuzi. Kwa kuwa hakuna aliyempa okestra ya kuongoza, mwaka 1984 akaunda yake mwenyewe. Alipochaguliwa mwaka 2005 kuwa mkuu wa okestra ya Baltimore, wapigaji wenyewe walipinga hadharani. Hebu fikiri, mama mwenzetu, kuingia kazini kwa watu waliokwisha kutangaza magazetini kwamba hawakuridhika! Aliingia mwaka 2007, akakaa hadi 2021. Na kule Vienna, okestra yao mashuhuri haikukubali mwanamke kuwa mwanachama kamili mpaka mwaka 1997. Kwa hiyo wazee wetu wa Usambara wasionekane kuwa ndio peke yao.

Karibu na nyumbani pia yapo. Zanzibar, Bibi Maryam Hamdani, mwandishi wa habari na mpiga kanuni, ameunda kundi la taarabu la wanawake watupu, Tausi, ambamo wanawake wanapiga ala wenyewe badala ya kuimba tu mbele ya wanaume wanaopiga. Sauti ya pili anasema angependa kuwaona wakipiga kabla hajafa. Tumemwambia aanze kuweka nauli ya boti.

Turudi nyumbani kwa mwenzetu. Shemeji yetu, mumewe, alipopewa habari alikaa kimya, kisha akauliza swali moja: nani atakamua jioni? Wengine walimcheka kwa swali hilo, ila sisi tunaona lilikuwa swali la mtu mzima. Mazoezi ya pamoja yalikuwa Soni na pengine Bumbuli, jioni za Jumamosi, na basi la kurudi halina saa. Ng'ombe hawajui sherehe. Wakapanga hivi: kijana wao wa kwanza, wa darasa la 7, ajifunze kukamua, shemeji apeleke maziwa kwenye kituo, na mwenzetu aondoke baada ya kukata majani ya jioni. Wiki ya kwanza kijana alipigwa teke na ndoo ikamwagika. Wiki ya pili vilevile. Maziwa yaliyomwagika yalikuwa ndiyo ada ya dada yake, kwa hiyo msifikiri ulikuwa mchezo.

Nauli nayo. Kazi ile haina mshahara, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwongozaji wa zamani alikuwa na pikipiki. Mwenzetu aliona aibu kuomba. Alilipa mwenyewe kwa miezi miwili kutoka katika fedha za viazi, mpaka shemeji alipokwenda kimyakimya kuzungumza na mzee wa kanisa.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mgumu. Alisema neno ambalo wengi walikuwa wakilifikiri: mwanamke atasimamaje na kugeuzia watu wote mgongo, tena akitupa mikono hewani? Tusimwone mjinga. Kwa malezi yake mwanamke mwenye heshima hatazamwi mgongoni na umati. Mwenzetu hakubishana naye. Alimwendea sauti ya nne, akaomba ashonewe joho refu jeusi lenye mikono mipana, akalipeleka kwa mama mkwe na kumwomba alijaribu yeye kwanza aone kama linafaa. Bibi akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo cha kabati, akasema mabegani limebana. Likalegezwa. Tangu hapo alikuwa akiwaambia majirani kwamba lile joho yeye ndiye aliyelipima.

Kuongoza alijifunzia jikoni. Mzee alimwelekeza akiwa ameketi kitini, macho yakitazama pengine: wimbo wa nne, mkono unakwenda chini, ndani, nje, juu, wimbo wa tatu, chini, nje, juu. Hilo mtoto anajifunza kwa siku moja. Alilomsisitizia ni mkono wa kabla ya sauti ya kwanza, ule unaopanda wakati hakuna bado anayepiga. Huo ndio unaowaambia watu wavute pumzi, kwa kasi gani na kwa moyo gani. Mwenzetu akashtuka, akasema, "Lakini hiyo ndiyo pumzi yetu ya wanne." Mzee akacheka. Basi akawa anafanya mazoezi mbele ya dirisha usiku, kioo kikiwa kama cha kujitazamia, mkononi ameshika mwiko. Watoto walimwiga wakati wa kula. Mwiko wenyewe aliuacha baada ya kusikia habari za Lully, mwanamuziki wa mfalme wa Ufaransa, aliyekuwa akiongoza kwa kugonga sakafu kwa fimbo nzito. Siku moja akajigonga mguuni, kidonda kikaoza, na mwaka 1687 akafa. Alisema mikono mitupu inatosha.

Jambo moja lilimsumbua, nalo halimo katika kupiga wanne. Sauti husafiri polepole. Kwa sekunde moja inakwenda mita 340 hivi, yaani ukisimama mita 34 kutoka kwa besi, unaisikia ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kidogo, lakini katika wimbo ni nyingi. Kwenye chumba kimoja sisi wanne tunafuatana kwa masikio. Uwanjani, kwaya iliyo mwisho wa mstari ikifuata masikio itachelewa, na wa nyuma yao watachelewa zaidi, mpaka wimbo uwe kama mkia wa kenge. Kwa hiyo ilimpasa kuwafundisha watu 200 waamini macho na wasiamini masikio, yeye aliyekuwa ameishi kwa masikio miaka 14.

Sasa tufike kwenye lile la aibu.

Mazoezi ya kwanza ya wote yalikuwa Soni. Walikuja pia wapigaji 9 wageni kutoka bondeni, vijana wazuri, waliofundishwa na mwalimu mwingine kwa utaratibu mwingine. Mwenzetu akagawa karatasi, akainua mkono, watu wakavuta pumzi vizuri kabisa, na ikatoka kelele ambayo mbuzi waliokuwa karibu waliondoka. Akasimamisha. Akaanza tena. Kelele ile ile. Mara ya tatu mwanamume mmoja wa mstari wa pili alifungua sanduku lake, akaweka tarumbeta ndani, akasema ana basi la kuwahi. Wengine wakacheka chini kwa chini. Mwenzetu akawa amesimama, mikono ikiwa imening'inia, akidhani kosa liko mikononi mwake.

Kosa lilikuwa kwenye karatasi. Kumbukeni habari ya Kuhlo. Sisi wa huku tumefundishwa kijerumani: nota tunaisoma kama ilivyo kwenye kinanda, na tarumbeta isiyobonyezwa kitu tunaiita kwa jina lake la kwenye kinanda, B bemoli. Wale wageni walifundishwa kwamba tarumbeta ile ile isiyobonyezwa inaitwa C, na huwa wanaandikiwa karatasi zao za pekee zilizokwisha kupandishwa. Ukiwapa karatasi yetu, kila nota yao itatoka hatua nzima chini ya yetu. Hakuna aliyekosea. Kila mtu alipiga sawasawa na alivyofundishwa, na pamoja ilikuwa balaa.

Sauti ya kwanza alilitambua jambo hili mara ya pili tu. Alitunong'oneza sisi wawili tuliokuwa pembeni yake: "Hawa wako hatua moja chini." Tukaelewa sote. Na hakuna aliyeinua mkono.

Tumejiuliza mara nyingi kwa nini. Sauti ya kwanza anasema alitaka kuona kama mzee alichagua sawasawa. Sauti ya pili anasema hakutaka kujitia mbele. Sauti ya nne anasema alikuwa amechoka kuona kiti kitupu kati yake na sauti ya pili, na alijisikia, kwa dakika chache, kufurahi. Hatutalipamba. Tulimwacha mwenzetu mbele ya watu aungue, nasi tulikuwa na maji mkononi.

Aliwaambia watu wakanywe chai. Kisha akaita mmoja wa kwetu na mmoja wa wageni, akawaambia wapige nota moja tu, ile ya kwanza. Akasikiliza. Akawaambia tena. Akatikisa kichwa, akaenda stoo ya kanisa, na mama mmoja wa jikoni alituambia kwamba alimkuta huko amekaa juu ya gunia la mkaa akilia bila sauti, kisha akanawa uso. Aliporudi akatangaza kwamba mazoezi ya siku ile ni ya waimbaji peke yao, na kwamba wageni watapata karatasi zao Jumamosi ijayo.

Usiku ule tulikwenda kwake sote watatu. Ilikuwa saa 3, shemeji alikuwa anahesabu madumu ya maziwa. Tulimkuta mwenzetu mezani na taa, ameanza kuandika upya kila wimbo, hatua moja juu, kwa mkono, nyimbo 11, nakala kwa watu 9. Sauti ya kwanza akasimama mlangoni na kusema, "Mwenzangu, mimi nilijua." Mwenzetu hakuinua uso kutoka kwenye karatasi. Akasema, "Najua. Nilikusikia ukinyamaza."

Hatukuwa na la kujibu. Baada ya miaka 14 alikuwa amesikia pumzi ya sauti ya kwanza ikivutwa kama ya mtu anayetaka kusema, kisha ikirudi ndani bila neno. Alikuwa amesimama mbele ya watu 200 wanaonong'ona, na alikuwa ameisikia hiyo moja.

Kisha akasogeza karatasi tatu upande wetu wa meza. Tukaandika mpaka majogoo. Sauti ya nne aliandika vibaya, ikabidi apewe kazi ya kupiga mistari. Shemeji alileta chai ya maziwa mara mbili, na mara ya pili alisahau sukari, hatukumwambia. Msamaha ulichukua muda mrefu zaidi ya usiku mmoja, tusiseme uongo. Kwa wiki kadhaa alitusalimu kama tunavyosalimiwa na watu wote: "Onga makeo," basi, anapita.

Siku ya sherehe ilikuwa ya baridi kali. Mama mwenzetu, kama hukujua, tarumbeta ikipoa sauti yake hushuka, nayo ikipata joto hupanda. Kinanda cha umeme hakijali baridi, kinabaki pale pale. Ukiwapigisha pamoja asubuhi ya Lushoto mwezi wa 7, vitagombana. Mwenzetu aliwaamuru wapigaji wote wapulize pumzi ya moto ndani ya tarumbeta bila kutoa sauti, kwa dakika 10, na wanawake wakazifunika kwa vitenge kama watoto wachanga. Kisha akamwomba kijana wa kinanda asipige wimbo wa kwanza wala wa pili. Kijana alinuna, akakunja mikono. Wazee walikasirika kidogo, maana jenereta lilikodiwa kwa ajili yake.

Je, ilikwenda vizuri? Ilikwenda. Wimbo wa kwanza ulisimama imara hata mama mkwe alionekana akihesabu kwa kidole. Wimbo wa nne, kwaya za mwisho wa uwanja zilisahau macho na kufuata masikio, zikachelewa, na kwa ubeti karibu mzima tulikuwa na nyimbo mbili uwanjani. Tulimwona mwenzetu. Badala ya kupiga mikono kwa nguvu, kama wengi wafanyavyo, aliishusha, akapiga padogo sana, karibu na kifua, hata waliokuwa mbali ikawabidi wakaze macho kutafuta mkono uko wapi. Mwisho wa ubeti akainua mabega na kuvuta pumzi, ile yetu, na wote wakaingia pamoja. Yule bwana wa basi alikuwepo pia, mstari wa pili. Mwenzetu anasema alipiga vizuri kuliko wote.

Tangu hapo ameongoza mwaka wa pili sasa. Kijana wake anakamua kuliko baba yake. Ada ililipwa kwa kuchelewa. Mzee bado yu hai, huletwa mazoezini na kuketishwa karibu na besi.

Sisi watatu tulijaribu kumtafuta mwingine wa sauti ya tatu. Tulimpata msichana mmoja hodari, anasoma nota kuliko sisi, lakini huvuta pumzi anapotaka yeye. Sauti ya pili anasema tumpe muda. Huenda ni kweli. Ila tunaposimama misibani, yapo mahali katika nyimbo ambapo tunapunguza mwendo bila kukusudia, kwa sababu pale ndipo mwenzetu alipokuwa akivuta sauti kidogo, naye msichana anakuwa amekwisha kupita. Na jambo lingine ambalo hatukulitegemea: midomo. Tarumbeta inataka midomo iliyokazwa kila siku. Mwenzetu, kwa kuongoza na mashamba na ng'ombe, hapigi tena kila siku, na midomo imelegea. Nota aliyokuwa akiishika pumzi nzima sasa inamtoka nusu ya njia. Alitueleza hilo kama mtu anavyotaja jino lililong'oka.

Pasaka ya mwaka huu alituomba kitu. Alfajiri huwa tunakwenda makaburini kupiga kabla ya jua, na alitaka twende wanne kama zamani, msichana apumzike. Ilikuwa masika, matope hadi vifundoni, na ukungu hata msalaba wa kaburi la pili hauonekani. Mama mkwe alikuwa amezikwa pale mwezi mmoja uliotangulia. Sauti ya kwanza akainua mabega, tukavuta pumzi, tukaingia. Beti mbili zilikuwa kama za zamani. Ubeti wa tatu midomo ilimshinda. Tukasikia sauti yake ikitetemeka, ikakatika. Tuliendelea watatu, na pale katikati pakawa na shimo. Kisha tukasikia sauti ya tatu ikirudi, kwa sauti ya mtu, bila maneno. Alikuwa ameshusha tarumbeta kwenye kanga yake, anaiimba.